Sindano ya Pili

"Kosa langu," alisema Dokta Herieth. "Nilivua glovu."

Alikuwa amechuchumaa kwenye nyasi, amekishika kidole gumba kana kwamba ni cha mtu mwingine. Nyati waliyemtoa waya wa mtego mguuni alishaamka na kutokomea kwenye miombo. Kilichobaki kilikuwa kusafisha vifaa tu, na hapo ndipo sindano ya bunduki ya kulazia wanyama, iliyokuwa bado na dawa imebanwa ndani, ilipomchoma na kujitema.

Castory hakungoja. Aliudaka mkono wa daktari, akakinyonya kidole kwa nguvu na kutema pembeni, kama baba yake alivyokuwa akiwafanyia walioumwa na nyoka kule Rungwe Mpya.

"Acha hiyo," Herieth alisema. "Mfukoni mwako. Nichome, haraka."

Dawa ya kulazia nyati haina mchezo na binadamu. Kila asubuhi, kabla ya kuifungua, Herieth aliwakumbusha kwamba tone likikupenya popote, iwe mchubuko, jicho au ufizi, unasinzia, halafu unasahau kupumua. Kwa hiyo kila mara walianza kwa kuandaa dawa ya kumzindua mtu, ndipo wakaigusa ya mnyama. Sindano hizo mbili zilikaa kwenye mfuko wa shati la Castory, naye hakukosa kusema kwamba huo ndio mfuko pekee wa serikali ambao haujawahi kuchotwa.

Leo ulichotwa. Alimchoma pajani, juu ya suruali. Sindano ya pili Herieth aliichukua mwenyewe. Ya kwanza ingeisha nguvu mapema, usingizi ungerudi, na hapo ndipo angeihitaji. Nyingine ilikuwa hospitali, Kibondo, na Kibondo ilikuwa mbali.

Walimpandisha garini. Hamis, dereva, akawasha kabla milango haijafungwa.

"Usiniache nilale, kaka Castory," Herieth alisema. "Niongeleshe."

Alikuwa amempata mtu wake. Chuoni alikosomea stashahada ya wanyamapori, walimu walimkumbuka Castory kwa maneno yake kuliko kwa maksi zake. Akajibana kiti cha nyuma karibu na daktari, akaanza na mambo ya nyumbani. Mke wangu Asnath, alisema, anamwamini kuku wake kuliko anavyoniamini mimi. Herieth akamjibu kwamba kuku angalau anataga. Hamis akacheka mpaka gari likayumba, na Castory akaona kidogo moyo unatulia.

Lakini hakumwondolea macho. Herieth alikuwa na mtoto mdogo kwa bibi yake, Same, anayepiga simu kila jioni na kumwita Castory babu, jambo ambalo Castory hulikataa kwa sauti kubwa na kulifurahia kimyakimya. Jioni hii nani angeipokea hiyo simu? Angesema nini?

Akaanza nyingine. Kulikuwa na bwana shamba mmoja kutoka Tanga, kapangiwa kazi Buhigwe. Wanakijiji wakampa jogoo wa kumkaribisha. Yeye akaona haya kumchinja mgeni mwenzake, akamfuga. Basi jogoo akamzoea. Bwana shamba akienda sokoni, yuko nyuma. Akienda kanisani, yuko nyuma.

"Kanisani aliingia?" Herieth aliuliza.

"Alikaa na kwaya. Ngoja, hujasikia. Jumatatu jogoo akamfuata ofisini."

Wakavuka daraja la miti. Mbao zikalia chini ya magurudumu.

Ofisini siku hiyo, Castory akaendelea, mkuu wa wilaya alikuwa amekuja kukagua. Herieth akasema kitu, ila kwa sauti ya chini mno. Castory akamwambia arudie. Midomo ya daktari ilicheza, maneno hayakufika. Uso wake nao ulikuwa umefifia kama picha iliyopigwa kwa simu ya zamani.

Ameanza kwenda, Castory aliwaza. Usingizi umerudi.

Akamwambia Hamis aongeze mwendo, kwa nini anaendesha kama anapeleka mayai. Hamis hakugeuka. Na kweli gari lilikuwa limepoa, mngurumo umekuwa wa mbali, mashimo yote yamekwisha. Castory akajiuliza ni lini waliweka lami huku porini, na kwa nini redio haikusema.

Asinyamaze, hilo ndilo la muhimu. Akinyamaza, Dokta atalala. Basi jogoo akaingia kikaoni, akaruka juu ya meza, akasimama mbele ya mkuu wa wilaya. Mkuu akauliza, na huyu ni wa idara gani? Bwana shamba akainuka, akafunga kifungo cha koti, akakohoa.

Hapo watu wote hucheka kabla hata hajamaliza. Herieth hakucheka. Dokta, nijibu basi, Castory alimwomba. Mdogo wangu, sema hata neno moja. Akataka kuinyoosha mikono aichukue ile sindano amchome, lakini mikono ilikuwa mizito, na Dokta alikuwa akizidi kwenda mbali.

Gari lilikuwa linaruka kutoka shimo hadi shimo, Hamis akikanyaga mafuta mpaka mwisho huku akilia waziwazi. Dokta Herieth alikuwa amepiga magoti kati ya viti, ameshika kichwa cha Castory kwa mikono miwili. Sindano ya pili, tupu, ilikuwa bado imesimama kwenye paja la Castory, na midomo yake, ile iliyokinyonya kidole, haikuwa imetikisika tangu pale darajani.

"Kaka Castory," Herieth alisema. "Jogoo akamfuata ofisini. Halafu? Malizia basi."