Mpishi wa Mbwa

"Sit!" akafoka mwanaume wa tatu aliyekuja Awendo kuomba kazi ya kufunza mbwa wa ulinzi. Mbwa wetu Bosko alibaki amesimama, akiitazama sufuria yangu ya ugali.

"Huyu ni kiziwi," mwanaume akasema. Walinzi wakacheka.

"Nijaribu mimi?" nikauliza.

Meneja hakugeuka. "Wewe pika. Hii kazi ni ya wanaume wenye cheti."

Mimi niliachia shule darasa la tano. Lakini mwaka wa pili huu, Bosko hali ugali wangu kabla hajakaa.

Mate yake yalidondoka kwenye kidole changu cha mguu. Nikainua sufuria.

"Bed piny," nikamwambia kwa Kijaluo, kwa sauti ndogo. Kaa chini.

Akakaa. Nyuma ya waya, mbwa wale wengine wanne wakakaa pia.

Meneja akachomoa kalamu mfukoni. "Msichana, unaitwa nani?"