Waya wa Tahadhari

Siku hizo kila nyumba yenye mzee ilifungwa swichi ya mtandao, ya chuma kama zile za viwandani. Sakafu ikihisi mzee ameanguka, swichi hukata mkondo wa umeme katika waya wa tahadhari, na mkondo ukikatika manispaa hujua papo hapo. Akianguka mara ya tatu, gari humchukua kwenda makao ya wazee, asirudi tena.

Mzee Mbaruku alikuwa ameshaanguka mara mbili.

Binti yake Sikudhani, fundi umeme wa kiwanda cha saruji, aliomba manispaa ruhusa ya nusu saa kufanya matengenezo. Akazima swichi, akabadilisha nyaya zake mbili za umeme, akakaza skrubu barabara. Kisha akaziunga ncha za waya wa tahadhari kwa kipande kifupi cha shaba, mkondo usikatike tena hata iweje.

Baba yake alimtazama kutoka kitandani.

"Sasa nikianguka nani atajua, mwanangu?"

"Mimi, baba."

"Na ukiwa kazini?"

Sikudhani aliwasha swichi, ikawaka taa ya kijani.

Jumatatu adhuhuri alimpigia simu baba yake akiwa kazini. Iliita, haikupokelewa. Akaacha vifaa chini, akakimbia hadi nyumbani.

Mzee alikuwa sakafuni jikoni tangu saa tatu, midomo imemkauka, macho wazi.

"Baba, niurudishe ule waya ulivyokuwa?"

"Thubutu!" akasema mzee, akimkumbatia shingo ili ainuliwe.