Hodi ya Shangazi

Fundi Gemu alisimama stoo, gizani, akiipapasa filamu aliyoitoa kwenye kamera. Humo mlikuwa na picha pekee ya marehemu mama yake. Akishaisafisha, angeuchora uso ule nukta kwa nukta, uwalaki wachezaji mwanzoni mwa gemu la kompyuta alilokuwa akilitengeneza. Lakini filamu ikiguswa na mwanga kabla ya kutiwa dawa ya kusafishia, picha ingeungua, basi tena.

"Ee Mola, nisaidie," alinong'ona.

"Hodi!" Shangazi aliita nje ya mlango.

Mama alimlea hivyo: mgeni hasubirishwi.

"Karibu!" aliitikia, hata hajawaza.

Kitasa kikalia.

"Shangazi, usifungue!"

Mwanga ukaingia. Akaisokomeza filamu ndani ya shati, akajikunja sakafuni, paji la uso chini.

"Kumbe unasali! Samahani, mwanangu." Shangazi akaondoka akinyata, mlango akauacha wazi.