Lango la Mbuzi

"Komeo hili nani kaliweka nje?" Fundi aliuliza, akilipapasa kwa kidole gumba. "Lango hufungwa kwa ndani, dada."

Mkewe alishusha nyundo. Wiki mbili alikuwa akipigilia uzio huu peke yake, ubao kwa ubao, tangu majirani walipomrudisha mumewe kutoka barabara kuu kwa mara ya tatu, miguu peku, hajui hata jina lake.

"Nataka kufuga mbuzi," alisema, na kabla hajafumba mdomo alikuwa ameshamwomba Mungu msamaha.

"Ahaa, mbuzi!" Mzee alicheka. "Mbuzi mjanja atalifungua hili kwa mdomo. Lete bisibisi."

Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Alilishusha komeo hadi chini kabisa, mahali ambapo shingo ya mbuzi isingefika, wala mkono wa mtu aliye ndani. Akakaza skrubu moja baada ya nyingine, kisha akapuliza vumbi la mbao, kama alivyofanya kwa miaka arobaini.

"Pita nje ufunge, tuone."

Alipita, akafunga. Ndani, mzee alisukuma kwa bega, akasukuma tena kwa nguvu zake zote. Lango halikutikisika.

"Kazi hiyo!" alisema kwa fahari. "Hapo hatoki mbuzi wala mwenye mbuzi. Haya, dada, nifungulie niende. Mke wangu ananingoja nyumbani."

Mkewe alikuwa ameinama, mkono juu ya komeo.

Akauondoa.