Fundi wa Saa Nne

"Unapita chini ya dinamo," alisema Kilomita, kwa mara ya tano.

"Ukipita chini utasugua bomba," alijibu Mwalimu. "Unapita juu."

"Mimi nimeendesha lori miaka thelathini."

"Kuendesha sikukatalii. Kutengeneza je, umewahi?"

Jirani huyo, aliyebandikwa jina la Kilomita kwa sababu hakuna habari aliyoweza kuisimulia bila kutaja umbali, alisonya akainama tena kwenye injini. Mwalimu alibaki kwenye stuli yake, mguu wa kulia ndani ya plasta hadi gotini, akinyoosha mkongojo kama alivyozoea kunyooshea ubao. Hakuwa na kingine cha kunyoosha.

Mkanda wa injini ulikatika asubuhi ile pale pale uani, gari likiwashwa tu. Mpya ulikuwemo kwenye buti tangu mwaka jana. Kilichokosekana ni mtu wa kujua unazungushwaje kwenye puli zote zile. Mchoro uliobandikwa chini ya boneti ulikuwa umeungua na joto, imebaki gundi.

Na ikifika saa sita gari lazima litoke. Mama yake Mwalimu, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa amesubiri miezi saba kupasuliwa macho. Zamu yake ni leo saa tisa, hospitali iko mji wa pili, na akikosa anarudi mwisho wa foleni. Teksi zote walizozipigia simu zilikataa safari ndefu hivyo. Bibi mwenyewe alikuwa sebuleni, kavaa, mkoba mapajani, kazungukwa na nusu ya mtaa. Walikuja kumuaga, na kwa harufu iliyotoka jikoni hawakuona sababu ya kuondoka mapema.

Tumaini la Mwalimu lilikuwa moja. Asubuhi, akipangusa madirisha juu ya kiti, mkewe alimwambia kwamba saa nne fundi anakuja, wasije wakamfungia geti. Mwalimu hakuuliza zaidi. Alimshukuru Mungu kwa kumpa mke mwepesi.

Saa nne kamili fundi akabisha. Mwembamba, shati safi, kibegi kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kwa ile kazi ya—"

"Marahaba. Kazi yenyewe hii hapa, na tumeshachelewa."

"Ila mama wa nyumba alinieleza—"

"Mama wa nyumba yuko jikoni. Huku nje msimamizi ni mimi."

Miaka ishirini darasani ilikuwa imemwachia Mwalimu ugonjwa wa kumalizia watu sentensi. Fundi aliitazama injini. Akalitazama dirisha, ambako Bibi alikuwa amegeuza uso kwenye mwanga asiouona. Akaweka kibegi chake juu ya saruji.

"Hana hata spana," Kilomita alinong'ona.

"Wajanja hao. Za kwao wanazitunza, wanachakaza za wenye magari."

Kilomita akaenda kuleta za kwake, njia nzima akihesabu dakika walizopoteza.

Fundi alitoa chaki mfukoni, akatia alama kwenye kila puli. Mwalimu akampenda hapo hapo. Mtu mwenye chaki mfukoni hawezi kuwa mjinga. Kisha aliukunjua mkanda mpya, akaupitisha vidoleni taratibu, ndani na nje.

"Huu una upande," alisema. "Wenye mistari uende kwenye puli zenye mistari. Ule laini ukae kwenye laini. Vinginevyo tutakuwa tumeugeuza."

Mwalimu na Kilomita wakatazamana. Saa nzima ya mabishano, na hakuna aliyeliona hilo.

Ilibidi Kilomita aivute puli ya kukazia kwa spana, maana fundi hakuonekana kuwa na haraka ya kushika chuma. Yeye alifumba jicho moja, akaupenyeza mkanda kwenye uwazi mwembamba kama anatunga uzi. Kabla ya kuruhusu gari liwashwe aliuzungusha kwa mkono kwanza, polepole, sikio karibu.

"Ukibana sana utakatika," alisema. "Ukilegea utaruka." Halafu, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, naomba niseme kitu."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

"Utasema gari likishaondoka."

Injini ilipiga mluzi, ikasita, ikatulia. Nyumba nzima ikamwagika uani, isipokuwa mke wa Mwalimu, ambaye masufuria hayakumpa ruhusa. Aliaga kwa sauti kutoka jikoni. Dada yake Mwalimu alimpandisha Bibi kiti cha nyuma akaketi naye. Kilomita akashika usukani na kutangaza: mia moja na arobaini, nyingi mteremko, na hasimami popote.

Bibi alipapasa dirishani mpaka akaukamata mkono wa fundi.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema, akivibinyabinya vidole. "Mkono laini hivi. Wewe grisi huijui kabisa."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka.

Mwalimu hakuweza kuufuata msafara hadi getini. Kwenye stuli yake alisikiliza tu gari likishika mteremko, likipiga mluzi kidogo, likinyamaza, mpaka kona ikaumeza mlio wote. Wageni wakarudi ndani mbio mbio kuwahi viti.

"Haya, sema sasa," alimgeukia fundi, roho imetulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Au nikuulize mimi. Gereji yako iko wapi, nikuletee na walimu wenzangu?"

Fundi alikuwa bado anaitazama barabara, jasho likimtiririka. Alifungua mdomo, lakini mke wa Mwalimu alishatokea mlangoni, mwiko mkononi.

"Jamani fundi, kumbe umeshafika," alisema. "Karibu ndani ule kwanza. Madirisha hayaendi popote, mapazia utayapima ukishashiba."