Hodi ya Tatu

Miji imeshachanganyika kichwani. Tunazunguka na kamera tukirekodi maisha ya kila siku, na leo ni zamu ya mama mshonaji kufungua mlango wake. Mimi nabisha hodi, yeye anafungua, uso unang'aa.

"Safi! Turudie," anasema bosi nyuma ya kamera.

Mara ya pili, uso ule ule. Bosi ananinong'oneza, "Huyu kazaliwa msanii."

Mama ameshika komeo. "Wanangu, kijana wangu aliondoka bila kuaga. Najua ni nyie, lakini mkibisha, moyo hausikii."

"Ya mwisho, mama," anasema bosi kwa uchovu.

Mlango unafungwa. Nainua mkono.

Kabla sijabisha, nasikia komeo linafunguliwa.