Swali la Pili

"Funga hiyo kompyuta," Mkuu alisema. "Swali moja linatosha."

Binti, fundi wa data wa ofisi ya maji, hakuifunga. Kando yake alikaa baba yake mzazi, mlinzi wa tangi la maji zamu ya usiku, kofia mapajani, akingoja kufukuzwa kazi na kukabidhiwa kwa polisi. Mtaa mzima ulikuwa unakauka, bodi ya maji ikataka kujua maji yanakwenda wapi, na Mkuu akaja na grafu yake. Hiyo hapo ukutani: maji yanashuka ghafla tangini, tena na tena, 02:00. Saa nane za usiku. Na usiku tangini hakuna mwingine ila mzee.

Grafu moja iliaminiwa kwa sababu mfumo ulikuwa mvivu ajabu. Ukiuliza kitu, mashine inapekua rekodi zote tangu enzi za mababu. Unakwenda kunywa chai, unarudi, bado inazunguka. Nani angekuwa na moyo wa kuuliza mara ya pili? Binti akaamua kuutengeneza. Akaipangia data faharasa kama ya kitabu, mashine isipekue kila ukurasa, akaandaa majumlisho mapema, hata jibu likawa linakuja kabla kidole hakijainuka. Mkuu alimkataza, akamwambia haraka haraka haina baraka. Naye alimjibu palepale kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, akaendelea na kazi yake.

"Baba yangu haitwi mwizi kwa swali moja," alisema sasa. "Ukitaka kunifukuza, nifukuze baadaye. Sasa hivi naangalia."

Mzee alimkanyaga mguu chini ya meza, kumwambia anyamaze. Hakunyamaza. Alikuwa na hasira tangu asubuhi, na woga pia, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Akabofya siku za wiki. Jumamosi na Jumapili, kimya. Maji hayakushuka hata kidogo, ingawa wikendi mzee hulinda vilevile. Mjumbe mmoja wa bodi akauliza ni mwizi gani huyu anayepumzika wikendi kama mtu wa ofisini. Wenzake wakacheka. Mkuu alisema huo ni ujanja tu wa mwizi, kwamba yeye mwenyewe hupita tangini kila siku ya kazi kabla ya kuja ofisini, na anawajua watu wake.

Binti hakumtazama. Akabofya tena, safari hii kuuliza vipimo hivyo vya 02:00 viliingizwa na nani. Likaja jina moja tu, la mpima kina cha maji tangini, mama ambaye ofisi nzima humwita Shangazi, na ambaye huingia kazini jua likichomoza, mzee akitoka. Alikuwa amekaa pale mlangoni, ameitwa kutoa ushahidi, na mpaka wakati huo hakuna aliyemuuliza lolote.

"Shangazi, kwenye saa ya kipimo, hii 2 uliiandika wewe?"

"Niliandika mimi, kwenye simu ya kazi. Naandika 2, sifuri inajaza yenyewe."

"Sasa usiku wa manane ulikuwa unafanya nini tangini?"

"Usiku gani tena, mwanangu?" Shangazi alishangaa. "Saa mbili ni saa mbili. Asubuhi, lori la Mkuu likishajaza maji na kuondoka."